Kitambi cha mchezaji mdogo: tuache sitapu za adhabu, tupime kwa kamba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme jambo moja linalowahusu walimu wa michezo, makocha wa timu za vijana na wazazi wa watoto wanaojiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari. Ni kuhusu mtoto mwenye tumbo. Timu nyingi zina mmoja au wawili, na dawa wanayopewa ni ileile karibu kila uwanja: azunguke uwanja mara kumi wakati wenzake wanagusa mpira, kisha alale chini, mwenzake amshike miguu, apige sitapu hamsini. Tumbo haliondoki. Kinachozidi ni mgongo kubinuka, na mtoto anaendelea kuanguka kwenye mechi kama zamani, pengine zaidi.

Hatusemi tumbo lisishughulikiwe. Tunasema linashughulikiwa kinyume, kwa sababu watu wanaliona kama ushahidi wa uvivu na kusahau kwamba, kwa upande wa mwili, ni mzigo uliofungwa mbele.

Mtazame mwanafunzi kwenye daladala lililojaa, aliyehamishia begi kifuani kwa kuogopa wezi. Mwangalie kwa ubavu. Hakuna aliyemfundisha, lakini amejipinda: tumbo limetangulia, mabega yamerudi nyuma, kiuno kimeingia ndani. Akishusha begi ananyooka. Mtoto mwenye mafuta mengi tumboni ana begi lisiloshuka, na mwili wake hukaa katika mpindo huo kutwa nzima, darasani, njiani na uwanjani, mpaka unauzoea na kuuona ndio wima.

Hesabu yake si ngumu. Chukua mchezaji wa kg 60, na tuseme kg 4 kati ya hizo ni mafuta ya ziada tumboni, ambayo katikati yake iko sm 15 mbele ya uti wa mgongo. Misuli inayonyoosha mgongo imelala nyuma ya pingili, na kutoka egemeo hadi pale inapovuta ni kama sm 5 tu. Ni ule ubao wa watoto wa kupandishana na kushushana, ila upande mmoja ni mrefu mara tatu ya mwingine. Ili zile kg 4 za mbele zisimwinamishe, misuli ya mgongo inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kg 12. Pingili za kiunoni hubeba vyote viwili, mzigo na mvuto, yaani kg 16. Na hapo amesimama tu, anasikiliza maelekezo ya kocha. Akiruka na kutua, ardhi humrudishia nguvu ambayo ni mara kadhaa ya uzito wake, na zile kg 16 nazo huzidishwa vivyo hivyo. Mtoto wa namna hii akisema mgongo unauma baada ya mazoezi, hajisingizii.

Halafu kuna kitovu cha uzito. Si kile cha tumboni, ingawa ni majirani: kwa mtu aliyesimama wima, pale uzito wote wa mwili unapojumlika ni ndani ya fupanyonga, vidole vichache chini ya kitovu chenyewe. Teremsha kutoka hapo uzi wenye timazi, kama wa fundi mwashi, nao utagusa ardhi mbele kidogo ya vifundo vya miguu, sm 4 au 5 hivi. Katika mfano wetu, mafuta yale yanaisogeza timazi mbele kwa sm 1 (kg 4 mara sm 15, gawa kwa kg 60), kabla mwili haujaanza kujipinda ili kuirudisha. Mtu aliyesimama kwa miguu miwili na nyayo zote chini hatishiki na sentimita moja. Michezo, hata hivyo, haichezwi kwa namna hiyo.

Tuchukue netiboli, maana sheria zake zinalianika tatizo hili waziwazi. Mlinzi anatakiwa kusimama sm 90 kutoka mguu wa mfungaji mwenye mpira, kisha anyooshe mikono juu na kuinama kuuelekea mpira. Walinzi wazuri hufanya hivyo kwa mguu mmoja, kisigino kikiwa juu. Wakati huo kinachombeba ni sehemu ya mbele ya unyayo, kipande kisichozidi upana wa kiganja. Timazi yake iko ukingoni kabisa. Mwenye tumbo amekwisha kutumia sentimita moja kabla hajainua mkono, kwa hiyo anapoinama kama wenzake anaishiwa unyayo: anadondokea mbele, anamgusa mfungaji, filimbi inalia. Kocha anapiga kelele, “Acha kumgusa!” Binti hakukusudia kumgusa. Alikosa pa kusimama.

Kwa mshambuliaji mambo ni hayo hayo upande wa pili. Anadaka mpira hewani akiwa kasi, anatua kwa mguu mmoja, na sheria hairuhusu mguu huo uinuliwe na kurudi chini kabla mpira haujamtoka, naye ana sekunde 3 tu. Miguu imesimama lakini kiwiliwili bado kinakwenda, na kadiri mzigo wa mbele ulivyo mkubwa ndivyo kilivyo kigumu kuzuilika. Mguu wa pili unawahi mbele kumkinga asianguke, ule wa kwanza unaufuata, ametembea na mpira. Kwenye soka utaliona hilo beki anapogeuka: miguu imeshageuka, tumbo na mabega vinachelewa, goti lililobaki ardhini linaingia ndani. Goti kuingia ndani wakati wa kutua au kugeuka ni mojawapo ya njia kuu za kukatika kwa ukano ulio katikati ya goti, na wasichana waliokwisha kuvunja ungo wako hatarini kuliko wavulana wa rika lao.

Mwili hauachi timazi ikae mbele. Unairudisha, na gharama yake ndiyo tunayoiita mkao mbaya. Fupanyonga, ambalo umbo lake ni kama beseni, linainama kana kwamba linamwaga maji kwa mbele. Kiuno kinabonyea ndani, mgongo wa juu unajikunja, shingo inachomoza. Misuli ya mbele ya nyonga, ile inayoinua paja, inazoea kuwa mifupi. Makalio, ambayo ndiyo injini ya kukimbia na kuruka, yanalegea. Magoti yanajifunga kwa nyuma. Upinde wa unyayo unashuka. Geuza viatu vyake utazame soli: zikiwa zimelika upande wa ndani kuliko wa nje, umeshapata habari ya kutosha kuanzia kazi.

Hapa kuna kosa ambalo hata makocha wazoefu hulifanya. Mchezaji wa aina hii hulalamika kwamba misuli ya nyuma ya paja imekaza, na ushauri anaopewa ni kuinyoosha, anyooshe tena, aguse vidole vya miguu. Lakini misuli hiyo imeshikizwa juu kwenye mfupa wa kukalia, na fupanyonga likiinama mbele mfupa huo hupanda, ukiivuta. Imekaza kama kamba ya kuanikia nguo ilivyokaza, kwa kuvutwa. Ukizidi kuinyoosha huondoi chanzo. Rudisha fupanyonga mahali pake kwanza, kisha uangalie kama bado inalalamika.

Umri nao una lake. Wasichana hurefuka kwa kasi kubwa kwenye miaka 12 hivi, wavulana kwenye 14. Miguu hutangulia, kiwiliwili hufuata, na kwa miezi kadhaa mtoto hana hakika mguu wake unaishia wapi. Aliyekuwa anapiga chenga jana leo anajikwaa. Ukichanganya hilo na mzigo wa tumboni, wepesi hupotea haraka mno, na wengi huachwa kwenye kikosi kipindi hicho hicho. Mpime urefu kila baada ya miezi mitatu. Akiwa anakwenda kwa kasi ya zaidi ya sm 7 kwa mwaka, punguza idadi ya kuruka na kutua, ongeza mazoezi ya mguu mmoja, na usimhukumu kwa matokeo ya miezi hiyo.

Kabla hatujafika kwenye mazoezi, kuna onyo ambalo tungependa lisomwe hata na asiyesoma barua hii yote. Si kila tumbo kubwa ni mafuta. Watoto wa chini ya miaka 6 kwa kawaida husimama tumbo likiwa mbele, na hakuna cha kutibu. Lakini kwa wakubwa, hasa wanaokaa kando ya Ziwa Victoria ambako kichocho cha tumbo kimeenea, tumbo linaweza kuwa limetunishwa na ini au bandama iliyovimba. Malaria ya mara kwa mara pia huvimbisha bandama. Dalili za kutilia shaka: tumbo ni gumu na limevutika, mikono na miguu ni myembamba, mtoto anachoka upesi, pengine chini ya mbavu za kushoto kuna kitu kinachojaa. Mafuta ya chini ya ngozi hubanika kwa vidole viwili, bandama haibaniki. Huyo asikimbizwe wala asicheze mchezo wa kugongana hata siku moja kabla ya kupimwa hospitali, kwa sababu bandama iliyovimba inaweza kupasuka kwa kiwiko kimoja tu. Kichocho kina dawa, nayo ni prazikwanteli. Sitapu hazimo.

Sasa kupima. Mizani ya kilo pekee haitusaidii sana kwa mwanamichezo, kwa sababu haitofautishi paja la msuli na tumbo la mafuta. Chukua kamba isiyovutika, ya katani au ya kufungia vifurushi. Mpime urefu kutoka kisigino hadi utosini akiwa ameegemea ukuta bila viatu, ikate kamba hapo, ikunje mara mbili. Kamba iliyokunjwa inatakiwa izunguke kiuno chake na ncha zikutane. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na kuna kazi ya kufanya. Ukiwa na futi ya fundi cherehani ni vizuri zaidi: tafuta mwisho wa mbavu ubavuni na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati ya hapo, futi iwe sambamba na sakafu, asome mtu mmoja yule yule kila mara, mtoto akiwa ametoa pumzi kawaida. Wengi hukosea kwa kupima penye mkanda wa suruali, ambapo ni chini mno, au kwa kumpima akiwa amejibana tumbo kwa aibu. Mwambie ahesabu kwa sauti kutoka moja hadi tano. Huwezi kuhesabu huku umebana pumzi.

Mkao upime ukutani. Visigino sm 5 kutoka ukutani, makalio na mabega yauguse. Kiganja kilicholala kikipita nyuma ya kiuno kwa kubanana, sawa. Ngumi ikipita, kiuno kimebonyea kupita kiasi.

Uwiano wa mwili, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba, upime kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, bila viatu. Macho wazi, sekunde 30. Kisha macho yafumbwe. Anayeshindwa kufika sekunde 10 katika majaribio matatu bado ana kazi. Kufumba macho si mbwembwe: tunasimama kwa msaada wa macho, sikio la ndani na hisia za misuli na viungo, na ukiyaondoa macho unaona hayo mawili mengine yanafanya nini. Mwenye muda achore sakafuni kwa chaki mistari mitatu inayotoka sehemu moja kama herufi Y, asimame mguu mmoja katikati, na kwa mguu wa pili aguse mbali awezavyo kwenye kila mstari bila kuanguka. Pima kwa sentimita, mara tatu kila upande. Tofauti ya zaidi ya sm 4 kati ya mguu wa kulia na wa kushoto kwenye mstari wa mbele imehusishwa na majeraha zaidi ya miguu kwa wachezaji wa mpira wa kikapu wa sekondari.

Kuhusu sitapu, tuseme mara moja tumalize. Mwaka 1984 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya wanaume 13 waliopiga sitapu 5,004 kila mmoja kwa siku 27. Walipopima ukubwa wa chembe za mafuta za tumboni, mgongoni na makalioni, zilikuwa zimepungua kwa kiasi kisichotofautiana. Tumbo halikupata upendeleo wowote. Mwili hautoi mafuta pale unapoumia, unayatoa unapopenda wenyewe. Na sitapu ya kushikwa miguu ina ubaya wa ziada: miguu ikishikwa, kazi kubwa huhamia kwenye misuli ya mbele ya nyonga, ile ile tuliyosema imefupika, nayo huvuta pingili za kiuno kwenda mbele. Kila sitapu moja imekadiriwa kugandamiza uti wa mgongo kwa takriban nyutoni 3,300, kama uzito wa kg 330. Unampa mtoto mwenye kiuno kilichobonyea zoezi la kukibonyeza zaidi, mara hamsini, kwa hasira.

Nailoni za kujifunga tumboni ni hadithi nyingine. Kinachopungua ni maji, na yanarudi kwenye kikombe cha kwanza. Kwenye jua la saa nane mchana ni hatari ya mtoto kuzimia. Mikanda ya kubana tumbo nayo hufanya kazi ambayo misuli ilipaswa kuifanya, kwa hiyo ikivuliwa misuli iko pale pale au nyuma zaidi.

Badala yake, dakika 15 mara tatu kwa wiki, timu nzima pamoja, asitengwe mtu.

Anzeni chini. Kila mmoja alale chali, magoti yamekunjwa, vidole vya mkono vipite chini ya kiuno. Azungushe fupanyonga mpaka kiuno kivibane vidole, ashike sekunde 5 huku anapumua, aachie. Mara 10. Inaonekana ni mchezo wa kitoto, lakini asiyeweza hili hawezi chochote kinachofuata, na ni hapa mwenye kiuno kilichobonyea hujifunza kwa mara ya kwanza kwamba fupanyonga linaendeshwa.

Kutoka hapo ingieni kwenye zoezi ambalo watoto wenyewe hulielewa ukiliita mende chali. Mikono juu kuelekea mbinguni, magoti yamekunjwa hewani juu ya nyonga. Mkono wa kulia unashuka nyuma ya kichwa wakati mguu wa kushoto unanyooka mbele, polepole, sekunde 3 kwenda na 3 kurudi, kisha wabadilishane. Mara 8 kila upande, seti 2. Sheria ni moja: kiuno kisiachane na sakafu. Kikiachana, asishushe mguu mpaka chini, aishie pale kiuno kinapoanza kuinuka. Wanaokimbilia idadi huharibu hapa. Mende wanane wazuri wanawashinda thelathini wa fujo.

Ubavu: alalie kiwiko na goti, ainue nyonga, mwili unyooke kutoka bega hadi gotini. Sekunde 15, mara 3 kila upande. Akifika 30 kwa utulivu ahamie kwenye nyayo. Kisha daraja la makalio: chali, nyayo chini karibu na makalio, ainue nyonga, abane makalio sekunde 2, ashuke. Mara 12, seti 3. Akisikia misuli ya nyuma ya paja inashikwa na mkakamao, visigino viko mbali mno, avisogeze. Akisikia kwenye mgongo, ameinuka kupita kiasi.

Mbele ya nyonga ndiyo inayohitaji kunyooshwa. Goti moja chini juu ya kitambaa, mguu wa pili mbele. Kabla ya kusogea abane kalio la upande wa goti lililo chini, kisha ndipo asogee mbele kidogo. Sekunde 30, mara 2 kila upande. Asiyebana kalio kwanza huishia kupinda kiuno, na anajinyoosha kila siku bila kupata kitu.

Mwisho kusimama. Wiki mbili za kwanza, mguu mmoja sekunde 30 na kurushiana mpira na mwenzake aliye umbali wa mita 3. Wiki ya tatu na ya nne, kuruka mbele kidogo kwa mguu mmoja na kuganda sekunde 3: goti lielekee kidole cha pili cha mguu, lisiingie ndani. Kuanzia wiki ya tano, kushuka kutoka kwenye ngazi ya sm 20 na kuganda. Ukisikia kishindo, anatua kwa kisigino au kwa miguu iliyonyooka. Mtuaji mzuri hasikiki. Timu za soka zina njia rahisi zaidi, kwa kuwa programu ya kupasha misuli ya FIFA 11+ ni ya bure, huchukua dakika 20, haihitaji kifaa zaidi ya mpira, na ndani yake mna ubao (kujinyoosha kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu), ubavu na mguu mmoja. Kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 huko Norway, utafiti wa mwaka 2008 uliohusisha wachezaji 1,892 ulionyesha majeraha makubwa na yale ya kuutumikisha mwili kupita kiasi yakipungua.

Baada ya wiki 6 hadi 8 rudieni vipimo vya ukutani na vya mguu mmoja. Usishangae ukiona mtoto anasimama vizuri zaidi huku kilo ni zile zile. Uwiano wa mwili huweza kutengemaa kabla mizani ya dukani haijasogea hata alama moja, na kwa mchezo huo ndio ushindi unaohitajika kwanza.

Chakula hakitatuchukua muda mrefu. Msimpunguzie mchezaji ugali na maharage. Hayo ndiyo anayokimbilia. Angalieni anachonunua getini. Soda ya chupa ya ml 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko 6. Chupa moja imeshavuka. Soda mbili kwa siku zikibadilishwa na maji, na andazi la saa nne likabadilishwa na ndizi na kiganja cha karanga au yai la kuchemsha, umefanya zaidi ya mizunguko yote ya uwanja. Kulala nako kumo: wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na anayeamka saa tisa usiku kujisomea huku analala saa tano usiku hazipati.

Na kwa mtoto anayekua lengo kwa kawaida si kumkondesha. Mwenye urefu wa sm 150 na kiuno cha sm 77 amezidi nusu. Akirefuka hadi sm 158 kiuno kikabaki 77, kamba inakutana bila kupungua hata gramu. Kumnyima chakula katika miaka hiyo ni kumnyima mifupa. Binti anayefanya mazoezi makali na kukosa hedhi miezi mitatu mfululizo anakula kidogo kuliko anavyotumia, au kuna jambo lingine. Vyovyote vile apelekwe kwa daktari, hata kama kocha anafurahia umbo lake jipya.

Maumivu ya kiuno yanayozidi anapopinda mgongo kwenda nyuma, hasa akiwa amesimama mguu mmoja, na yasiyopoa kwa wiki mbili au tatu, yasifanyiwe masihara. Kwa wapiga mpira wa wavu, warusha mkuki na wanasarakasi, pingili ya tano ya kiuno inaweza kuwa na ufa wa uchovu, yaani ufa wa mfupa uliolemewa mara kwa mara. Asimame mazoezi, apigwe picha.

Vipimo hivi vifanyike faraghani, mtoto na mwalimu na mtu mzima mwingine wa jinsia ya mtoto, kila miezi mitatu. Namba ziandikwe kwenye daftari: tarehe, urefu, kiuno, sekunde za mguu wa kulia, sekunde za mguu wa kushoto. Daftari likae kwa mwalimu, lisibandikwe ukutani.

Wenu,
Wataalamu wa fiziotherapia na walimu wa michezo, Mwanza